Ndevu za Katani

Sura ya Sita

Evaline aliliona gauni lake kabla hajamwona aliyelivaa, na aliyelivaa alikuwa na mabega kama mlango wa ghala.

Lilikuwa gauni la kitenge cha zambarau chenye maua meupe, mikono ya puto, kiuno kimebanwa kwa ufundi wa mtu anayejua anachokibana. Alilijua mshono kwa mshono. Lilishonwa kwa ajili ya siku ya posa yake. Akalivaa siku hiyo moja tu, kesho yake akalikunja, akampa dereva wa bodaboda alirudishe Same kwa fundi aliyelishona. Miaka miwili hakulitia machoni. Leo, Jumamosi ya sikukuu ya wakulima wa tangawizi, gauni lilikuwa jukwaani mbele ya ghala la kijiji cha Mamba, limepasuka kwapani, na ndani yake alikuwemo Hamidu, mwuza mitumba wa sokoni Same, amepaka wanja na kujifunga kilemba, anatembea kwa kurusha nyonga kama bata aliyeona dimbwi.

"Shoga," Doris, mwenzake wa kwaya, alimnong'oneza, "lile si gauni la..."

"Nyamaza."

"Nimenyamaza. Lakini ndilo."

Doris ndiye aliyemburuta kuja. Alisema mtu asiyecheka miaka yote hiyo ataota kutu. Na kweli Evaline alikuwa ameota kutu. Yeye ndiye mtunzi wa nyimbo za kwaya yao ya Kilutheri, binti aliyewahi kuwafanya watu wa Gonja na wa Vudee wapande milima kuja kusikia mavuno yakiimbwa. Tangu ile posa ivunjike, nyimbo zilikatika, kama kuku aliyeacha kutaga: chakula anakula, kelele anapiga, kiota kitupu. Wazee wa kwaya walikuwa wamekwisha kumwambia kwa adabu, ile adabu yenye meno, kwamba asipoleta wimbo mpya mavuno haya, watamtafuta mwingine.

Waigizaji wenyewe walikuwa watu wa kujitolea kutoka Same: mama lishe, mwuza mitumba, kinyozi, na fundi cherehani aliyekuwa kiongozi wao. Hakuna aliyesomea. Ng'ombe wa mahari alikuwa boksi la sabuni lenye pembe. Mama lishe alisahau maneno yake katikati, akasema, "Subirini, nilianza vibaya," akarudi mlangoni, akaingia upya. Watu wakampigia makofi mengi kuliko yale ambayo wangempigia asingekosea. Evaline aliliona hilo, likamkaa mahali asipopajua. Kumbe mtu anaweza kusimama mbele za watu, akakosea, na asife.

Lakini hakupata nafasi ya kulifikiria, kwa sababu mchezo ulifika kwenye kata.

Ukoo wa kina Evaline una desturi yake. Siku ya posa hawamwulizi binti kwa maneno. Mjomba wa mwanamume humpa kata ya dengelua, ile pombe ya miwa ambayo siku hiyo haiitwi pombe, inaitwa desturi, na Mchungaji huwa ana safari ya mbali. Binti akinywa funda moja na kumpelekea baba yake, posa imepita. Akiiweka chini, wageni huchukua kofia zao. Hakuna anayeuliza sababu, si siku ile wala baadaye. Evaline aliiweka chini. Mamba nzima inajua.

Sasa Hamidu alipokea kata jukwaani, akamtazama kinyozi aliyekuwa amekalia debe akiigiza baba mkali. Kinyozi akakohoa. Hamidu akatetemeka mpaka kilemba kikamfunika jicho.

"Mbona hunywi, mwanangu?" aliuliza mama lishe.

"Nitakunywaje?" Hamidu akajibu kwa sauti nyembamba. "Kwetu, baba akikohoa, watoto ndio wanaomeza dawa."

Akaitupa kata, akajificha nyuma ya ng'ombe wa boksi, makalio nje. Watu walicheka mpaka wengine wakashikana. Wengine wakageuka kumtazama Evaline, wakatazama haraka pengine, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kwenye benchi la mbele baba yake, Mzee Elinaza, mzee wa kanisa, alikuwa amekaa wima kama amemeza fimbo yake mwenyewe.

Na pembeni mwa turubai alisimama Chande, fundi aliyelishona lile gauni, aliyewahi kumposa.

Hakuwa amebadilika, na hilo pia lilimuudhi. Futi yake ya kupimia ilikuwa inaning'inia shingoni vilevile kama siku alipokuja kuwapima wanakwaya sare, akapima mkono wa Evaline, akaandika, akasema amekosea, akapima tena, akasema mkono huu una matatizo, nipe nipime tena. Macho yao yalikutana juu ya vichwa vya watu wanaocheka. Chande hakucheka. Aliinamisha uso.

Makofi ya mwisho hayajaisha, Evaline alikuwa amekwisha kuzunguka nyuma ya ghala.

Waigizaji walikuwa wakibadili nguo kati ya magunia ya tangawizi. Harufu ilikuwa kali ya kuwasha pua. Evaline hakusalimia mtu.

"Vua gauni langu," alimwambia Hamidu.

"Dada, humu ndani nimevaa kaptula tu."

"Vua."

"Tena kaptula yenyewe ya mtumba."

"Eva," Chande alisema nyuma yake.

"Usiniite Eva. Eva uliyemjua umemweka jukwaani, ana misuli."

Mama lishe na kinyozi walikumbuka ghafla kwamba wana kiu, wakatoka. Hamidu naye alitaka kukumbuka, lakini Evaline alikuwa amelishika gauni kwenye mkono wa puto.

"Umekasirika," Chande alisema.

"Fundi ana macho."

"Haki yako. Lakini mimi nimekasirika miaka miwili, na sikupata pa kupeleka. Nilipanda mlima huu nikiwa bwana harusi, nikashuka nikiwa kichekesho cha soko. Hukuniambia neno. Gauni likaja kwa bodaboda, halina hata kikaratasi. Ulitaka nifanye nini?"

"Uulize."

"Kwenu hakuulizwi. Mlinifundisha wenyewe."

"Kwa hiyo ukajijibu."

"Nikajijibu. Nikakaa na cherehani yangu nikatafuta sababu. Ya kwanza nikasema hukunipenda. Hiyo niliipima, haikunikaa. Ya pili ni kwamba ulimwogopa baba yako. Hiyo ikanikaa. Ndiyo uliyoiona leo."

"Mwoga."

"Afadhali mwoga. Mwoga anasameheka."

Evaline alicheka kicheko kifupi, kikavu. Kisha akamgeukia Hamidu, akauliza kwa upole, upole ambao waliomjua wangeukimbia.

"Yule mjomba wenu wa Korogwe hajambo?"

Hamidu aliangalia mabati.

"Mjomba yupi?" Chande aliuliza.

"Mjomba wako. Mfanyabiashara mkubwa, mwenye ndevu nyeupe mpaka kifuani, aliyekuja kuniposea. Mzee ambaye baba yangu, mtu asiyemwamkia hata diwani, alimpa shikamoo na kumpisha kiti chake. Hajambo?"

"Hajambo," Hamidu alisema kwa sauti ndogo.

"Ndevu mlizibandika kwa nini?"

"Uji wa muhogo."

"Na zenyewe zilikuwa za nini?"

"Katani," Hamidu alisema. "Tuliiokota korona, pale wanapokamua mkonge. Tukaichana vizuri kwa kitana."

"Hamidu," Chande alisema.

"Anajua, bwana. Wewe huoni kama anajua?"

Chande alikaa juu ya gunia.

"Ulijuaje?" aliuliza.

"Ilikuwa Julai. Baridi. Mama aliwasha jiko la mkaa, akamwekea mjomba karibu kwa heshima. Joto likayeyusha uji. Aliponiinamia kunipa kata, nikaona ndevu zinaachana na kidevu upande wa kushoto, na chini yake ngozi laini kama ya mtoto wa shule. Nikasema moyoni, sawa. Chande hana ndugu huku milimani, babu yake alikuja kukata mkonge, watu wake wako Masasi. Ameazima mjomba. Nitakunywa."

"Ungekunywa?"

"Kata ilikuwa mdomoni, Chande. Nilikuwa naisikia harufu. Ndipo mama yangu akauliza, na mama wa kijana yuko wapi, mbona hatumwoni. Na huyu," akalivuta gauni mpaka Hamidu akapepesuka, "akajifuta jicho kwa shuka, akasema: dada yangu, mama wa kijana, Mungu alishamchukua."

Hamidu aliinamisha kilemba.

"Nilikula kwa mama yako," Evaline alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka sasa, na ilikuwa mbaya zaidi ikiwa chini. "Ulinipeleka mwenyewe kambini mkongeni. Alinipikia kisamvu cha karanga, akaniita mkwe, akaficha mikono chini ya kanga ili nisione makovu ya mkonge. Mwezi haujaisha, umemzika sebuleni kwetu. Ukamzika kwa mdomo wa mwuza mitumba."

"Baba yako alisema mbele ya kanisa zima," Chande alisema, naye sasa alikuwa amesimama, macho mekundu, "kwamba bintiye haendi kwa mtoto wa manamba. Alisema, huyu fundi ana kaburi gani huku? Ningemleta mama na mikono ile, mwangemkalisha wapi? Mlangoni?"

"Ungemleta, tukamkalisha mlangoni, mimi ningekaa mlangoni pamoja naye. Lakini hukutujaribu. Uliona haya kabla hatujamwaibisha. Baba yangu alimkataa mtu asiyemjua. Wewe ulimkataa unayemjua."

Chande aliketi tena kwenye gunia.

"Ningekunywa," Evaline aliendelea, "ningekuwa nimeapa juu ya maiti ya mtu aliye hai. Ningesema, baba angekupeleka baraza la kata, kutoka hapo mahakama ya mwanzo, na Mpare na kesi unawajua, mpaka leo mngekuwa mnapanda basi kwenda rufaa. Nikaiweka chini. Nikanyamaza. Nikakubali mimi ndiye mbaya, ili wewe ushuke mlima na jina lako. Na leo umepanda nalo, ukanivua langu mbele ya watu wote."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikungoja uje uniambie wewe."

Walitazamana. Na Mungu anisamehe kwa kusema, lakini hasira ikiwa ya kweli humpendeza mtu kuliko poda. Chande alimwangalia kama alivyomwangalia siku ya futi, akanyoosha mkono nusu, akaurudisha.

"Kesho mnauonyesha tena?" Evaline aliuliza.

"Kwa ajili ya Wasabato. Leo hawakuja, ni siku yao. Lakini nitaufuta, nitawaambia..."

"Usifute neno. Onyesheni vilevile." Akaliachia gauni. "Na kwapa hilo lishone."

Nyumbani alimkuta Mzee Elinaza anatembea uani, huku na huku, kama jogoo aliyenyeshewa.

"Yule baba wa kukohoa ni mimi?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimeuliza, ni mimi?"

"Ni kinyozi wa Same, baba."

"Mtoto wa manamba amenifanya kichekesho mbele ya watu niliosimamia ubatizo wa watoto wao. Jumatatu asubuhi niko barazani. Nitafungua kesi ya kukohoa, tuone kama sheria haina kifungu."

"Hakina," mama yake alisema kutoka jikoni. "Ulishaulizia mwaka juzi kuhusu mbuzi wa jirani."

"Wewe nyamaza. Na wewe, Evaline, leo nakwambia jambo sijawahi kukwambia. Siku ile ulipoiweka kata chini, ulinitii. Uliniheshimu. Nilijivuna."

Evaline alikuwa amekwisha kuketi kwenye kigoda na beseni la tangawizi, anaikwangua maganda kwa kisu. Mkono ulisimama.

"Sikuiweka kwa ajili yako, baba."

"Basi kwa ajili ya nani?"

"Kesho utasikia."

"Kesho wapi? Mimi siendi tena kwenye upuuzi ule."

"Utaenda," mama yake alisema. "Utataka kujua kama kinyozi ataongeza kikohozi."

Mzee aliingia ndani, akaubamiza mlango. Evaline akarudi kwenye tangawizi. Aliikwangua kama ina deni naye. Huyu kamwita mwoga, huyu kamwita mtiifu. Wote wawili wamemshonea gauni bila kumpima. Kisu kilikwenda krr, krr, kaa. Krr, krr, kaa. Utomvu ukamwasha kwenye kidole alichojikata asubuhi, akajifuta jicho kwa mkono uleule, jicho likawaka moto, akatukana neno ambalo mke wa mchungaji asingelijua. Na katika kuwashwa huko, kisu kikiendelea, krr, krr, kaa, akajisikia anahema kwa kipimo. Sita na sita. Sita na sita.

Aliacha kukwangua, wimbo haukuacha.

Haukuja kama zile za zamani, alizozisubiri usiku na mchana ziwe safi, ziwe na malaika kila ubeti. Huu ulikuja na maganda yake. Alikumbuka mama lishe akisema nilianza vibaya, akirudi mlangoni bila haya. Evaline naye alianza vibaya, akarudi mlangoni, akaingia upya. Jua halijazama nyuma ya mlima, alikuwa amesimama nje ya nyumba ya Doris.

"Lete sauti ya pili na ya tatu," alisema. "Sasa hivi."

"Una wimbo?" Doris alishika mdomo. "Wa mavuno?"

"Wa kuvuna."

Aliuimba. Doris alisikiliza mpaka mwisho, akafuta jicho, akauliza, "Shoga, huu una mambo ya Mungu? Wazee watauliza."

"Yumo ubeti wa pili."

"Mara moja tu?"

"Anatosha."

Jumapili mchana Wasabato walijaa, na Walutheri waliokwisha kuona jana walirudi, wakasema wamekuja kuwasindikiza majirani. Mzee Elinaza alikuwepo, benchi lilelile, uso umefungwa kama duka la marehemu. Kwa heshima ya Wasabato dengelua iliondolewa, kata ikatiwa maji ya tangawizi.

Mchezo ulikwenda kama jana mpaka kinyozi alipokohoa. Hamidu alipoinua kata atetemeke, wanawake wa kwaya walisimama kati ya watu, katika sare alizozishona Chande mwenyewe, wakaanza kuguna chini, sauti ya tatu, nzito, kama gari linalopanda mlima. Evaline alipita katikati, akapanda jukwaani, akainyakua kata mkononi mwa Hamidu.

"Nilianza vibaya," aliwaambia watu. "Nairudia."

Akaimba.

*Nilipewa kata, nikaweka chini,*
*Mkasema mwoga, tena hayawani;*
*Nani kauliza, niliona nini?*
*Kinywa nikafunga, wimbo u moyoni.*

Watu walikuwa wakitabasamu. Walidhani ni sehemu ya mchezo.

*Niliona ndevu, ndevu za katani,*
*Jasho lazing'oa, zote kidevuni;*
*Mjomba bandia, kavishwa sokoni,*
*Ningekunywa vipi, na Mungu yu ndani?*

Hapo Mzee Elinaza aliinuka. Alimtazama Hamidu, akamtazama tena, akiondoa kilemba kwa macho, akiondoa wanja, akiweka ndevu.

"Wewe," alisema. "Wewe ndiye niliyekupa shikamoo?"

"Marahaba," Hamidu alijibu kwa hofu, mdomo ukitangulia akili.

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Mzee aliinua fimbo, majirani wakamshika, na mama Evaline akamvuta koti akae. Lakini Evaline hakucheka wala hakumngoja mtu. Alikuwa amemgeukia Chande pembeni mwa turubai, na hasira ya miaka miwili ilikuwa imesimama kooni mwake, imenyooka kama mkuki, na kwa mara ya kwanza haikumkaba. Iliimba.

*Aliyekuzaa, yuko mkongeni,*
*Kakulea peke, miba vidoleni;*
*Leo wamficha, nyuma ya jikoni,*
*Ailete yeye, ninywe hadharani.*

Kicheko kilikufa. Chande alikuwa analia bila kujificha, futi shingoni. Hakuja jukwaani. Aligeuka, akashika pazia la turubai, akalifungua.

Nyuma yake alikuwa amekaa mwanamke mzee juu ya gunia, mdogo wa mwili, kanga mpya bado ina mikunjo ya dukani. Chande alikuwa ameteremka jana ileile mpaka kambini, akamwambia mama yake kila kitu, na inasemekana kofi alilopigwa lilisikika mpaka korona. Kisha mama huyo akaoga, akafunga safari.

"Huyu," Chande aliwaambia watu, sauti inamkatika, "ndiye mama yangu. Anaitwa Bahati. Anapika kambini mkongeni. Nilisema amekufa. Nilidanganya."

"Marehemu ana afya nzuri," mtu mmoja alisema nyuma, akanyamazishwa.

Mama Bahati alitembea taratibu mpaka jukwaani. Hakumtazama mwanawe. Alinyoosha mikono yote miwili, yenye makovu na vidole visivyonyooka tena, na safari hii hakuificha chini ya kanga. Evaline akampa kata. Mama Bahati akaishika kidogo, kama anayeipima uzito, kisha akamrudishia.

"Mkwe," alisema, "kile kisamvu hukumaliza siku ile."

"Nilishiba, mama."

"Uliona haya. Kunywa."

Evaline alikunywa. Tangawizi ilimchoma ulimi, ikateremka na moto wake mpaka tumboni. Akashuka jukwaani na kata mikononi, akapita kati ya watu waliojibana kumpisha, akasimama mbele ya baba yake, akapiga goti.

Mzee Elinaza aliitazama kata. Alimtazama yule mama wa mkongeni aliyesimama peke yake jukwaani, mikono imening'inia wazi. Aliitazama mikono hiyo muda mrefu. Mama mzazi wa Mzee Elinaza alifia shambani, na mikono yake haikuwa mizuri kuliko hiyo.

"Hii si dengelua," alisema mwishowe.

"Ni tangawizi, baba."

"Posa haipokelewi kwa tangawizi."

"Najua, baba."

"Mimi sijapokea kitu. Andikeni mjue. Sijapokea." Akaichukua kata, akanywa funda, akakunja uso. "Waje Jumatano na dengelua ya kweli. Aje mama. Mpeni kiti changu. Na huyo mwenye ndevu za katani asikanyage kwangu, shikamoo yangu ataniletea barazani."

Watu walipiga vigelegele mpaka ng'ombe wa boksi akaanguka. Mama Evaline alikuwa amekwisha kupanda jukwaani, anamshika Mama Bahati mkono, anamwuliza kama amekula.

Chande alimkuta Evaline nyuma ya ghala, pale pale pa jana, anapuliza ulimi uliochomwa.

"Umenisamehe?"

"Bado."

"Lini?"

"Sijui. Una mengi. Nitakusamehe kidogo kidogo, kama mtu anayelipa kwa mafungu." Alimwangalia, na jicho lilikuwa bado kali, lakini halikuondoka usoni pake. "Jumatano nahitaji gauni. Lile lina jasho la Hamidu."

Chande aliishika futi shingoni. "Vipimo ni vilevile?"

"Umevisahau?"

"Sijasahau hata nusu inchi."

"Basi unauliza nini?"

"Nauliza," alisema fundi, naye sasa alikuwa anatetemeka kuliko Hamidu jukwaani, "kwa sababu ule mkono una matatizo."

Evaline alimtazama mpaka akaona haya. Kisha akanyoosha mkono.

"Pima," alisema. "Ukikosea, namwita mama yako."

Akakosea.